Alhamdu Mbili kwa Dakika

Mwaka mmoja kabla bibi yangu hajaacha kazi, kisiwa kizima cha Chula, kusini mwa Kismayo, kiliugua moyo. Nikisema kizima sitii chumvi. Wavuvi na wake zao, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye duka, hata wasichana ambao mioyo yao ilikuwa haijapata kazi yoyote ila kutaniwa, wote waliambiwa na bibi kwamba mapigo yao yanakwenda mbio kuliko inavyofaa. Habari zilinifikia Mombasa kwa ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, na karibu kila mmoja uliishia na malalamiko yale yale: bibi yako amekataza kahawa.

Mirungi alikuwa amekwisha kuipiga marufuku miaka mingi nyuma, na hakuna aliyemsikiliza. Kahawa ilikuwa jambo jingine. Safari hii alikuwa na namba. Alimshika mtu mkono, akahesabu, akamtajia idadi ya mapigo yake, na mtu akienda nyumbani na namba mia na kumi kichwani hawezi tena kuinua kikombe bila kujisikiliza kifuani.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili kazini, muuguzi katika zahanati moja ya Mombasa, na nilikuwa na ule ujinga wa mwenye cheti kipya ambaye kila ugonjwa anaujua jina. Nikafikiria maji ya visima. Nikafikiria samaki mwenye sumu, homa mpya, chumvi, majini. Naam, hata majini, maana cheti hakimtoi mtu kwao. Nikaomba likizo, nikapanda ndege hadi Kismayo, nikatafuta boti ya kunipeleka Chula.

Lakini kwanza niwaeleze habari za bibi mwenyewe, la sivyo mtadhani alikuwa kizee wa kupapasa watu mikono.

Umri wake haukujulikana. Ukimuuliza, alikuuliza kama unataka kumposa. Tunachojua ni kwamba alizaliwa Chula, akachukuliwa na mjomba wake hadi Kismayo akiwa msichana, wakati hospitali ya mji bado iko mikononi mwa Wataliani. Alianza kwa kupiga deki. Kutoka deki akapandishwa kwenye kufua bandeji, kutoka bandeji akaja kwenye sindano, na kutoka hapo hakushuka tena. Watu walimwita Daktari. Alilikana jina hilo mbele ya madaktari tu.

Vita vilipokuja alikimbia kwa mashua pamoja na mama yangu, na mimi nikazaliwa Mombasa, kambini. Mama alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, kwa hiyo aliyenilea ni bibi, na kulelewa na muuguzi si jambo la kumtakia mtoto. Kwake mtoto haumwi tumbo siku ya mtihani. Dawa chungu inanywewa kwa kusimama, ili ishuke haraka. Ukilia wakati wa sindano unaambiwa umalize kabisa, usibakishe, kwa sababu hatakuwa na nafasi ya kukusikiliza baadaye. Halafu mchana huo huo unamkuta anakupikia basto, tambi za Kitaliani, kwa samaki na tui la nazi, chakula alichokileta kutoka Kismayo yake ya zamani, na anakulisha kwa mkono wake kana kwamba hujawahi kuwa na meno.

Nilipokuwa sekondari alirudi Chula. Alisema Mombasa ina madaktari wengi mno na wagonjwa hawamtoshi. Mama alilia, mimi nikanuna, yeye akafunga mzigo wake akiwa anaimba.

Alikuwa na saa ya wauguzi, ile inayoning'inizwa kifuani kichwa chini ili mwenyewe aisome akiinamisha macho. Saa hiyo iliingia maji ya chumvi siku ya kukimbia vita na haikutembea tena. Ilisimama saa kumi na dakika kumi, na pale kambini sisi watoto tulikuwa tukimkimbilia kumuuliza saa ngapi kwa makusudi, asubuhi, mchana, tukipenda. Alituambia ni saa ya kupigwa kofi. Lakini hakuivua. Kila alipomshika mgonjwa mkono aliinamisha macho kwenye saa ile iliyokufa, midomo ikimchezacheza, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kikitembea juu ya pingili za vidole vyake, kama mtu anayevuta uradi baada ya sala. Halafu alitaja namba. Tuliamini kwamba anamwombea dua mgonjwa, na namba anaikisia kwa uzoefu. Wagonjwa waliamini hivyo pia, na walipona.

Namba yake mwenyewe alijipima kila asubuhi, baada ya chai na kabla ya kufungua mlango. Ilikuwa sabini na mbili. Siku zote sabini na mbili. Aliitaja kwa sauti, kama mtu anayetaja mayai aliyoyakuta bandani, kisha akaanza siku.

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia saa mpya ya mkononi, nzuri, yenye mshale mwembamba wa sekunde, nikampelekea kwa mtu. Alinishukuru sana kwa simu. Baadaye nikasikia kwamba ameitundika jikoni kwenye msumari, ya kuangalizia basto isipite kiasi. Kifuani ameiacha ile maiti yake.

Basi tukapita kisiwa cha Fuma, tukapita kisiwa cha Ngumi, tukafika Chula mchana, nguo zimenigandana kwa maji ya bahari. Kitu cha kwanza nilichokiona pale ufukoni ni mashua iliyojengwa nusu. Mbavu zake zilikuwa wazi na mbao zilikuwa zimepandishwa upande mmoja tu, na mbao zenyewe zilishaanza kubadilika rangi kwa jua. Kando yake alikuwa amekaa fundi wa mashua, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee wa miraba minne ambaye katika likizo zangu zote za huko sikuwahi kumwona amekaa mchana. Nikamwamkia, nikamuuliza mashua inaumwa nini.

Akasema mashua haiumwi, anayeumwa ni yeye. Bibi yako alinipima akanikuta na mapigo mia na kumi na nne. Amenikataza kahawa, na amenikataza tezo. Miezi saba sasa.

Tezo ndicho chombo chake cha kuchongea mbao, na bila tezo fundi wa mashua ni mzee tu aliyekaa juani. Wenye mashua yao walikuwa watu wa Ngumi, na walikuwa wameshakuja mara mbili kuitazama wakaondoka mikono mitupu. Nikamwomba mkono wake. Nikatoa simu, nikaweka kipimo cha dakika, nikahesabu. Nikapata sabini na sita. Nikarudia, nikapata sabini na sita tena. Moyo wa kijana.

Sikumwambia kitu. Nikapita nyumba ya pili, ya mama mmoja aliyeambiwa mia na ishirini, nikamkuta na themanini. Nyumba ya tatu hali ile ile. Nilipofika kwetu nilikuwa nimeshajua kwamba Chula hakuna mgonjwa wa moyo, na kama hesabu imekosewa nyumba zote basi mwenye kuhesabu ndiye wa kutazamwa.

Bibi alinipokea mlangoni. Alinikumbatia, akanisukuma mbali anitazame, akasema nimekonda na Mombasa inanila. Halafu hata viatu sijavua akanishika mkono. Macho yakashuka kwenye saa, midomo ikaanza, kidole gumba kikatembea. Alikawia mno. Mwishowe akatingisha kichwa akanitangazia mia na ishirini na sita.

"Na weye pia," akasema, kwa huzuni ya kweli. "Hata kahawa sikupi."

Nikacheka, nikamwambia zamu yangu. Hakutaka, maana katika nyumba ile mikono ilikuwa inashikwa na mtu mmoja tu, lakini nilikuwa nimeshaukamata. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Pigo lilikuja, likaondoka, nikalisubiri jingine mpaka nikadhani nimepoteza mahali. Arubaini na nane.

Nikaanza kuona niliyokuwa siyaoni. Miguu ilikuwa imevimba juu ya vifundo. Alikuwa akitoka jikoni kuja barazani anasimama katikati, anashika ukuta, anajifanya anakumbuka kitu alichosahau. Mwenye duka aliniambia kwamba bibi alianguka karibu na kisima, mwenyewe akasema ameteleza, na palikuwa pakavu. Nilimuuliza kama anahisi kizunguzungu. Akanijibu kwamba amejipima asubuhi na ni sabini na mbili, na kama nataka kupima watu nitafute wa kwangu.

Asubuhi ya pili aliletewa mtoto mwenye kikohozi. Nikakaa kando nikijifanya nachambua mchele, simu iko chini ya kanga yangu, na badala ya kumtazama mtoto nikaitazama midomo ya bibi. Nilikuwa nimeitazama midomo ile maisha yangu yote na sikuwahi kuisoma. Siku hiyo niliisoma. Ilikuwa Alhamdu, yaani Alfatiha, sura inayofungua Kurani. Aliisoma kuanzia bismillahi mpaka amin, kisha akaanza tena, na kwenye amin ya pili akasimama na kutaja namba. Nikatazama simu. Dakika moja na nusu.

Hapo nikaelewa yote kwa mkupuo, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Alikuwa hatumii saa. Hakuwa amewahi kutumia saa. Alhamdu mbili ndiyo dakika yake, na zamani bila shaka ilikuwa dakika kamili. Sasa amezeeka, anasoma polepole, na dakika yake imerefuka ikawa moja na nusu. Kila mwenye moyo mzima akionekana mgonjwa si ajabu. Na moyo wake mwenyewe nao ulikuwa umezeeka kwa mwendo ule ule. Wamechoka pamoja, yeye na moyo wake, hatua kwa hatua, kwa hiyo kila asubuhi alipojipima alijikuta hajambo. Sabini na mbili.

Kicheko kiliponiisha niliona ubaya wake. Kumpeleka hospitali lazima nimwambie kwamba hesabu yake mbovu. Kumwambia hesabu yake mbovu ni kumnyang'anya kazi, na bibi bila kazi sikumjua, wala sidhani yeye alijijua. Nikanyamaza siku mbili. Nilikula basto, nikajiambia kuwa natafuta maneno mazuri, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Mimi ninayewaambia watu wazima habari mbaya kila juma nilimwogopa kizee wa ratili tisini.

Siku ya Jumatano akaniambia jambo lililonitoa uoga. Alisema ameshachoka kukataza watu kahawa bila kuwatibu, kwa hiyo ameagiza vidonge kutoka Kismayo, vya kupunguza mwendo wa moyo. Vingekuja na boti ya Ijumaa. Ataanza na fundi, kwa kuwa ndiye mwenye hali mbaya zaidi.

Nilivijua vidonge vile. Mtu mwenye moyo mzima ukimpa kila siku unaweza kumwangusha. Ijumaa ilikuwa siku mbili mbele, na kisiwani pale hakuna ambaye angekataa kidonge kilichotoka mkononi mwa Daktari.

Nikamfuata jikoni. Sufuria ya basto ilikuwa motoni, na saa niliyomnunulia ikining'inia kwenye msumari wake juu ya rafu, inatembea vizuri. Nikaitungua nikaiweka mbele yake.

"Bibi, nisomee Alhamdu mbili. Kama uwasomeavyo wachu wakija kupimwa."

Aliuweka mwiko chini. "Nani kakwambia?"

"Midomo yako."

Nilitegemea hasira. Badala yake alicheka, akafurahi hasa, kama mtu aliyefichuliwa mahali alipoficha halua. Akanieleza kwamba katika wodi yao ya kwanza saa ilikuwa moja, ya sista Mtaliani, na wanafunzi walikuwa sita. Kila mmoja alisubiri zamu ya kushika saa ndipo ahesabu mgonjwa wake. Yeye hakuwa mtu wa kusubiri zamu. Akawa anamtazama sista na saa yake kwa mbali huku akisoma moyoni, mpaka akaipata sawasawa. Tangu hapo alikuwa anamaliza wagonjwa wake wote wakati wenzake bado wako kwenye mstari, na sista alidhani ana kipaji.

"Alhamdu mbili, dakika moya," akasema. "Haiyapata kukosa. Na mgonjwa apata mawili kwa mkono mmoya, hesabu na dua."

Nikamwambia basi asome, tuitazame saa. Akajifuta mikono, akaweka macho kwenye mshale wa sekunde, akaanza kwa sauti. Sauti yake ilikuwa nzuri na nzito, kila neno limewekwa mahali pake. Alipomaliza ya kwanza mshale ulikuwa umeshapita nusu kwa mbali. Nikamwona anauona. Akaanza ya pili, na bado yuko mwanzoni mwanzoni mshale ukatimiza mzunguko wake na kuendelea.

Hakusimama. Sura haikatwi katikati, na yeye alikuwa mtu wa adabu na Kitabu chake, kwa hiyo ilimbidi aisome yote, polepole vile vile, macho yake juu ya mshale, akiliangalia kosa lake linavyorefuka mpaka amin. Basto ilikuwa imeshakuwa uji.

Akasema saa ile ina haraka. Nikaweka simu yangu kando yake. Akasoma tena, mbili nzima, na saa na simu zikakubaliana. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichokuwa nyuma yake. Kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya pingili, nikadhani anajipima, kumbe anahesabu watu.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Nikasema siyui. Huenda mwaka, huenda zaidi, kidogo kidogo.

"Fundi," akasema. "Miezi saba nimemkalisha."

Nikamwambia kwamba fundi mzima, wote wazima, asiyekuwa mzima ni yeye, na mapigo yake ni arubaini na nane, na lazima twende Kismayo. Nilisema haraka haraka na machozi yalikuwa yananitoka. Aliniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza tangu nifike, kisha akaniambia hilo baadaye. Akainuka, akaenda chumbani, na alipotoka alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi.

Mchana huo alipita nyumba kwa nyumba, nami nikimfuata nyuma na simu yangu. Kwenye kila mlango alisema maneno yale yale, bila kupamba: moyo wako mzima, mimi ndiye niliyekawia. Wengine hawakumwelewa na ilibidi aeleze Alhamdu, dakika, na uzee, tangu mwanzo. Sijapata kumwona mtu mwenye kiburi akijishusha mara nyingi kiasi kile kwa siku moja, na kila alipojishusha alirudi juu kidogo kwa kuwakemea kwa jambo jingine, jeraha lisilofunikwa au mtoto asiyevaa viatu. Kila nyumba ilimkaribisha kahawa. Nyumba ya nne nikamnyang'anya kikombe.

Fundi tulimwacha wa mwisho. Alikuwa pale pale ufukoni, na alipotuona tunakuja alisukuma kitu nyuma ya mashua kwa mguu. Bibi akamweleza. Akamaliza kwa kusema kwamba miezi saba haina fidia, na kama atataka kumlaumu alaumu sasa, yeye yupo.

Fundi akainama nyuma ya mbavu za mashua, akatoa dele la kahawa lililokuwa bado linatoka moshi.

"Hii nimeinwa kila siku, Daktari," akasema. "Sikuweza kuiwacha."

Bibi akamuuliza kama ni hivyo, tezo je, kwa nini hakushika. Fundi akaliweka dele mchangani.

"Kahawa ni siri yangu. Tezo yasikiwa kisiwa kizima. Wachu wangesema mchu fulani hamsikii tena Daktari, na kesho mwingine asisikie, na kesho kutwa mtoto apewe dawa aiteme."

Bibi akazunguka nyuma ya mashua. Akaitafuta tezo, akaikuta chini ya gunia imeanza kutu, akaipangusa kwa upindo wa koti lake jeupe, akamwekea mkononi. Tulipofika mlangoni kwetu tulikuwa tunaisikia.

Vidonge vya Ijumaa vilirudi kwa boti ile ile iliyovileta, na sisi tukiwa ndani yake. Kule Kismayo daktari alikuwa kijana wa Kisomali aliyemwita ayeyo, yaani bibi, na bibi akamlipa heshima hiyo kwa kumfundisha namna ya kupasha moto chombo cha kusikilizia kabla ya kukiweka kifuani kwa mtu. Kijana alisema njia za umeme za moyo wake zimechoka, na dawa yake ni kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi, chenye betri, ambacho Kismayo hakuna na Nairobi kipo. Bibi akauliza betri ikiisha atachajiwa wapi, na Chula umeme wenyewe ni wa jua.

Tuligombana siku tatu. Nilimwambia ni mbinafsi. Nilimwambia anadhani ushujaa ni kufa kwa ukaidi, na nikamwambia mengine ambayo sitaki kuyaandika. Aliyasikiliza yote, kisha akaniambia amehesabu mioyo ya wachu kutosha, wake amwachie Mngu ahesabu, maana Yeye hasomi polepole. Nilimkasirikia sana. Nampenda sana, na nilimkasirikia kwa miezi.

Akarudi Chula, akaacha kazi, yaani aliacha kushika mikono na akaendelea kutoa amri. Mashua ilimalizika, wenyewe wakaja kuichukua. Kisiwa kikanywa kahawa. Aliishi miaka miwili zaidi, na daktari kijana alikuwa amempa miezi sita.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa hai ilikuwa asubuhi, amelala kwenye kitanda cha kamba ukumbini, mlango wazi. Saa yake iliyokufa ilikuwa juu ya mto. Akanyoosha mkono akaniambia nimhesabu. Nikatoa simu. Akaitazama simu ile kwa dharau ambayo ugonjwa haukuwa umeipunguza hata kidogo, nikairudisha mkobani.

Nikamshika mkono, nikaweka kidole gumba changu cha kushoto kwenye pingili ya kwanza, nikasoma. Nilisoma kwa mwendo wake, ule wa jikoni, kila neno mahali pake. Ilichukua muda mrefu. Kati ya pigo na pigo niliweza kusikia fundi akichonga ufukoni. Nilipofika amin ya pili sikuongeza hata pigo moja. Haya, niliongeza mawili.

"Sabini na mbili, Bibi."

"Kwa saa ya nani?"

"Yako."

"Basi siumwi," akasema, akafumba macho, akaniagiza kahawa.

Alikufa baada ya siku nne. Wakamzika Chula, na siku ya khitma, ya kumsomea Kurani, nyumba ilijaa wanawake mpaka uani, nusu yao wakiwa wamezaliwa mikononi mwake. Khitma ilipokwisha mama mmoja akaita Alfatiha kwa roho yake, na wote tukainua mikono. Walisoma kama watu wote wanavyosoma, wakamaliza, wakaitikia amin, wakapangusa nyuso. Mimi nilikuwa bado katikati. Nilijaribu kuharakisha nikashindwa, ulimi ulikuwa umeshashika mwendo wake. Mke wa fundi alikuwa ameinua dele kumimina, akalirudisha chini. Wakaninyamazia wote, mikono magotini, wakanisubiri mpaka nikamaliza, kisha kahawa ikamiminwa.